Wale Wawili wa Shimoni

Kazi yangu ilikuwa kusema uongo kwa maikrofoni, na niliifanya vizuri. Pale Kashuga, kijijini kwetu, waliniita enterprete: mtu anayekaa kando ya televisheni, filamu inachezwa, naye anawapa watu kwa Kiswahili maneno yanayosemwa kwa lugha nyingine. Filamu nyingi zilikuwa za Wachina, na Kichina sikukijua hata neno moja. Nani alikijua? Nilitazama macho na midomo, nikajaza yangu. Mji wowote mkubwa niliuita Goma, msitu wowote niliuita Walikale, na kila mtu mbaya nilimpa sauti ya shemeji yangu. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka saba.

Babu alinicheka. Yeye aliona sinema ya kwanza enzi za mapadri: shuka nyeupe ukutani, picha zisizo na sauti, na katekista amesimama na fimbo akieleza. "Hata ule katekiste alikuwa anatudanganya," babu alisema. Baadaye zikaja kaseti, kisha diski, kisha filamu ndani ya simu, na bado watu walitaka mtu wa kusimama kando awaelezee.

Kisha barabara ikafungwa. Kulikuwa na vita juu yetu na vita chini yetu. Pikipiki hazikupanda wala kushuka, kambi ya wakimbizi pale kwetu ikajaa watu waliokimbia mashamba yao, na diski mpya hazikufika tena. Tulibaki na filamu nne. Tatu ziliwachosha watu. Ya nne waliidai kila alasiri, paneli ya jua ikishajaza betri. Mabenchi yalijaa watu wasio na pa kwenda, nami nikarudia maneno yale yale mpaka nikaichukia sauti yangu mwenyewe. Ningetembea kwa miguu mpaka Goma kama kungekuwa na njia.

Filamu hiyo ilihusu marafiki wawili wanaoingia kuchimba madini, mmoja ana kofia nyekundu, mwingine ni mrefu. Udongo unaporomoka. Hapo diski ilikuwa imekwaruzika: picha inaganda, inaruka, unaona wanawake kwenye mdomo wa shimo, halafu basi linakwenda zake. Kilichotokea katikati hakuna aliyekiona. Mimi nilisema wale wawili walitoboa upande wa pili wa mlima, wakapanda basi. Watu walipiga makofi.

Nilikuwa na sababu yangu. Kaka yangu mkubwa alikwenda Walikale kuchimba, yeye na rafiki yake, na tulikuwa tumevuna maharagwe mara tatu bila habari yao, ila fununu kwamba shimo moja lilianguka. Mama yetu alikuwa anakaa benchi la mbele kila siku. Alikuja kuwaona wanapanda basi.

Mke wa yule rafiki naye alikuja. Aliishi kambini na ndugu za mumewe, akawa anakaa nyuma kabisa. Siku moja alinifuata kabla hatujaanza.

"Kaka, leo umuuwe ule wa kofia."

Nilidhani ananitania. "Mama, ule iko muzima. Anapandaka basi."

"Njo weye unasemaka vile. Leo useme alikufa."

Akanieleza bila kupandisha sauti. Kwetu, mtu ambaye mwili wake haujaonekana, na hakuna aliyekuja kusema "nilimzika mimi", hafanyiwi kilio. Mke akimlilia, ndugu za mume watasema anamwitia kifo. Basi asilie, asinyoe nywele, asirudi kwa wazazi wake Kibabi. Hata barabara ikifunguliwa kesho, yeye bado atakuwa amefungwa.

"Mu filme bantu yote banaliaka," alisema. "Hakuna mwenye ataniuliza juu ya nini nalia."

Nilikasirika. Nikamwambia sinema si kanisa, aende kwa padri. Ukweli ni kwamba niliogopa.

"Na ule mwengine?" nikamwuliza.

"Ule mwengine iko wako. Miye naomba wangu tu."

Filamu ikaanza. Nilisema maneno yangu ya kila siku. Udongo ukaporomoka, diski ikaruka, wanawake wakatokea. Nikasema, "Wamemutoa wa kofia. Alikufa. Muchimbaji mwengine alimuzika na mikono yake, na njo yeye ameleta habari."

Wengine walinizomea. "Jana alikuwa muzima!" Lakini wanawake walianza kulia, kwanza mmoja, halafu benchi zima. Kule nyuma yule mama alilia kwa tumbo lake lote, ameinama, kitenge usoni. Dada wa mumewe, aliyekaa karibu naye, alimshika bega akimwambia ni filamu tu. Kisha yeye pia akaanza kulia, na hakumwachia lile bega.

Basi likatokea.

"Enterprete, na ule murefu?" mtu akauliza kwa sauti. Njia ilikuwa nyeupe pale mbele yangu, basi lina nafasi, ningeweza kumpandisha kama siku zote. Mama yangu aliinama mbele kidogo, akaniuliza mimi, si maikrofoni:

"Alipanda?"

Nikaizima ile maikrofoni.

"Sijui, mama," nikasema.