Bastola Niliyoing'arisha

Nakumbuka Ijumaa ile, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso wangu hutafuta pa kujificha. Nilikuwa kijana niliyetoka Kenya juzi tu, nimepangiwa ulinzi katika nyumba ya tajiri mmoja hapa Doha, upande wa Abu Hamour. Tajiri huyo alikusanya silaha za kale. Aliyezitunza alikuwa Mzee Wasswa, Mganda mwenye mvi na maneno machache, ambaye kampuni yetu ya ulinzi ilimweka pale zamani.

Mzee alipenda bastola moja kuliko zote. Iliundwa Ulaya zaidi ya miaka mia iliyopita, si kwa vita, bali kwa watu walioshindana kulenga shabaha za karatasi. "Tazama mtutu," aliniambia. "Ni mrefu hivi ili utulie, na ili alama ya kulengea ya mbele ikae mbali na ya nyuma, jicho lisikudanganye." Alama ya nyuma ilikuwa na skrubu ndogo ya kuisogeza. Kifyatulio kilikuwa chepesi, maana kidole kikivuta kwa nguvu mkono huyumba. Chuma chote kilikuwa cha rangi ya kahawia, na ubavuni mwa mtutu fundi alikuwa amechora majani membamba na jina lake. Mzee akanionya: "Usiiguse, kijana. Hiyo rangi si uchafu. Ni umri wake."

Asiyesikia la mkuu, mwisho wake unaujua. Mimi ulinzi nilifunzwa kwa kung'arisha: viatu ving'ae, bizimu la mkanda ling'ae, la sivyo unakula adhabu. Basi Mzee alipokwenda kanisani, maana huku ibada zetu ni Ijumaa, siku ya mapumziko, aliniachia funguo zake nimfungulie mtu wa kupiga deki chumba cha silaha. Jioni wageni walikuwa wanakuja. Nikasema moyoni, leo tajiri ataniona. Nikachukua dawa ya kung'arishia shaba, kitambaa na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, nikaisugua ile bastola mpaka ikameta kama kijiko kipya. Majani yakafifia. Jina la fundi likafutika, likabaki weusi tu kwenye kitambaa. Na nilifurahi, mwanangu! Nilikuwa napiga mluzi.

Jioni tajiri akafungua kabati mbele ya wageni wake. Hakupaza sauti.

"Nani?" aliuliza.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mzee Wasswa akanitazama, akangoja, nami nikainamia viatu vyangu. Mwishowe akamwambia tajiri, "Baba, chumba hiki kiko mikononi mwangu."

"Khalas, Wasswa, basi imekwisha," tajiri akajibu, akanyoosha mkono apewe funguo.

Kesho yake Mzee alihamishiwa Industrial Area, mtaa wa viwanda, kulinda lango la ghala, juani, na umri ule. Nilimbebea begi hadi kwenye basi la kampuni. Hapo ndipo ulimi ulipofunguka: "Mzee, ni mimi."

"Najua," akasema. "Mikono yako ilinuka dawa tangu niliporudi kutoka kanisani. Mimi nilikuwa nakungoja tu."

Akapanda basi. Heri angenizaba kofi.

Baada ya wiki nilijikaza, nikamweleza tajiri. Alinisikiliza, akasema sawa, akaendelea na chai yake. Funguo zilikuwa na mtu mwingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Bastola haikurudi kuwa ya kahawia, na Mzee hakurudi. Nimezeeka na aibu hiyo, nayo haijazeeka.

Kwa hiyo, mwanangu, usisugue usichokijua kwa kutaka kusifiwa. Lakini kubwa zaidi ni hili: ukikosea, sema palepale, wakati anayeweza kuumia kwa ajili yako bado yumo chumbani. Ukweli uliouchelewesha utakupunguzia wewe mzigo; yeye hautamshusha kwenye basi.

Mungu akupe mkono usioyumba na ulimi usiochelewa, na asikuonyeshe mzee wa watu akiondoka na kosa lako begani.