Niliandika Kwamba Mama Mkwe Hajazika Mtoto

Mhariri, jina langu ulifiche. Si kwa ajili yangu, mimi sistahili kufichwa. Ni kwa ajili ya mke wangu, ambaye gazeti lako likifika huku Lushoto hulisoma kabla yangu.

Kosa ni langu. Naliweka hapa mwanzoni kwa sababu najua tulivyo: tunaanza na shida zetu ili watu watuhurumie, halafu kosa tunalichomeka mwishoni. Nilipewa kazi ya kuwauliza watu maswali. Sikuwauliza. Niliandika majibu yangu mwenyewe, nikayapeleka ofisini kama yao. Na kwa sababu ya majibu yale kuna mtu yuko kaburini.

Sasa nisikilize, kama una moyo wa kunisikiliza.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu ruksa isipokuwa ajira. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, chuo kikuu sikupata, na serikali ilikuwa inapunguza watu badala ya kuajiri. Wenzangu wa kijijini kwetu Gare waliingia kwenye biashara ya kabichi na mitumba. Mimi nilikuwa na kichaa changu: nilitaka kuwa mtafiti. Usicheke! Aliwahi kupita mgeni mmoja kijijini kwetu akiwauliza wazee wanalima nini, wanakula nini, wanaonaje maisha. Wazee ambao maisha yao yote walikuwa wakiamriwa, siku hiyo wakaulizwa! Niliona usoni mwao jinsi walivyofurahi. Nikasema kazi yangu ndiyo hii.

Lakini kujifunza wapi? Jamani, nilitafuta! Nilishuka mpaka maktaba ya Tanga, nikakuta kitabu kimoja tu cha mbinu za utafiti, cha Kiingereza, na sura ya sampuli imechanwa yote. Nikaenda ofisi za serikali kuomba takwimu za wilaya yetu, nizipitie tu, nijifunze zinavyopangwa. Nikaambiwa zimo kabatini na mwenye ufunguo yuko likizo. Niliporudi, yuko safarini. Niliporudi tena, amepunguzwa kazini na ufunguo kaondoka nao!

Kwa hiyo mradi mmoja wa wafadhili ulipobandika tangazo pale mjini Lushoto kwamba unatafuta vijana wa kufundishwa udadisi wa kaya, yaani kupita nyumba hadi nyumba ukiuliza na kuandika majibu, mimi nilifika kabla mlango haujafunguliwa.

Aliyetufundisha alikuwa mama mmoja kutoka Tanga, tulimwita Madamu. Mkali, mwembamba, ana miwani anayoivua akitaka kukusema. Ndani ya semina ile nilijifunza vitu nilivyokuwa nikivitafuta miaka yote. Kwa nini kaya huchaguliwa kwa kura na si kwa kupenda. Kwa nini humsaidii mtu kujibu. Alitugawia makaratasi ya fotokopi, mengine yamefifia mpaka unasoma kwa kubahatisha, nami nikayatunza chini ya godoro kama hati ya shamba.

Neno moja alilirudia mpaka tukachoka. "Kama hukupata jibu, acha nafasi tupu. Nafasi tupu mimi najua la kuifanya. Uongo sijui la kuufanya, kwa sababu sitaujua."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mradi ulikuwa na uwezo wa kujenga zahanati moja tu, yenye chumba cha wazazi, huko juu ya Malindi, hii yetu ya milimani, si ile ya Kenya. Moja! Majibu ya kina mama ndiyo yangeamua ijengwe upande upi wa bonde. Na sisi vijana tulikuwa na ya kwetu: watakaofanya vizuri wangepelekwa Morogoro kufundishwa kuchambua takwimu kwa kompyuta. Mimi kompyuta nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Nilikuwa naiota!

Kura ikapigwa, kila mmoja akapata kitongoji chake. Mimi nilikuwa nimeshaoa, na kilichoniangukia ni kwa wakwe zangu.

Ngoja nikueleze, wewe usiye wa huku. Kwa jinsi nilivyolelewa, mama mkwe humkaribii. Mkikutana njiani, mmoja anapisha mbali. Unamwamkia shikamoo ukiangalia chini, na likiwepo jambo linapitia kwa mkeo. Tena si yeye peke yake. Dada zake, wake wenza, wake wa ndugu za baba mkwe, wote hao ni mama wakwe, na kitongoji kile ni ukoo mmoja. Sasa dodoso langu, ile karatasi ya maswali, lilikuwa linauliza: umezaa mara ngapi? Ulijifungulia wapi? Wangapi wamekufa?

Nimuulize hayo mama yake mke wangu? Mimi?

Lilikuwa jambo la kusema sentensi moja. "Madamu, kule ni ukweni, nibadilishieni." Basi! Kulikuwa na dada mmoja wa Muheza kwenye kundi letu, mcheshi, asiye na mkwe huko, angekwenda na kumaliza kazi akicheka. Lakini niliogopa. Nilijiona nitaonekana mshamba, mtu wa mila, asiyefaa Morogoro. Nikanyamaza.

Nikapanda. Baba mkwe akanipokea vizuri, kama tunavyomwita mwanamume huku kwetu, "Karibu mgosi, za Gare?" Nikaletewa viazi vya kuchemsha na chai, nikala nje. Kina mama walikuwa wamekaa nyuma ya nyumba, nawasikia. Walikuwa wameshapata habari kwamba wanakuja watu wa kuuliza, wamevaa kanga safi, hawakwenda shamba siku hiyo.

Akatoka shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nitamwita Halima. Ameolewa hapo hapo kitongojini, msichana wa utani mwingi, na shemeji kwa shemeji utani ruksa. Akaona mfuko wangu wa madodoso.

"Shemeji, mbona hutuandiki? Au sisi si watu?"

"Nitakuandika wewe, tena kwa herufi kubwa."

"Andika basi kwamba nataka bwana wa mjini, huyu nimemchoka!"

Wakaangua kicheko kule nyuma. Nami nikacheka. Nikamaliza chai, nikaaga, nikaondoka bila kufungua hata karatasi moja. Huyo Halima ningeweza kumuuliza! Na kupitia kwake ningewauliza wote, njia ilikuwa wazi mbele yangu. Sijui nilikuwa na nini.

Nikateremka mpaka kwenye kichaka cha miti ya miwati juu ya barabara, nikakaa kwenye jiwe, nikajaza.

Na hapa ndipo ujinga wangu ulipo wote. Kama ningejaza nilichokijua, labda tungenusurika. Nilijua mama mkwe amezika watoto, mke wangu alishaniambia. Nilijua wanajifungulia ndani, kwa moshi, na mkunga ambaye haoni vizuri. Lakini mkono ulikataa! Niliona kuandika misiba ya mama mkwe kwenye karatasi ya wageni ni kumvunjia heshima, ni kama kumvua kanga barabarani. Basi nikamheshimu. Nikaandika amezaa na wote wapo. Nikaandika hospitali, hospitali, hospitali, kila mahali. Nikawawekea choo kizuri. Niliwapamba wakwe zangu kama bibi harusi, nikashuka Lushoto nikiwa na amani.

Madamu akayapitia, akavua miwani. Akasema, "Kazi safi. Hujaacha nafasi hata moja."

Nikapelekwa Morogoro.

Huko tulifundishwa na bwana mmoja wa Dar es Salaam, na mazoezi yake yote aliyafanya kwa takwimu zetu wenyewe. Siku moja akaweka jedwali kwenye kioo cha kompyuta, akasema tuangalie kitongoji hiki, mazingira ni yale yale ya majirani zake lakini hakuna mtoto aliyefariki. "Hawa wamefanyaje?" Wenzangu wakaanza kushindana kutoa sababu. Mmoja akasema elimu ya akina mama. Mwingine akasema lishe, huko kuna mboga na matunda. Yule bwana akafurahi, akaandika ubaoni. Nami mkono niliokuwa nimeuweka juu ya meza nikautoa nikauficha.

Ningesema siku ile! Zahanati ilikuwa bado haijachimbiwa hata msingi. Ila nilikuwa mtu wa kompyuta sasa, nasubiri cheti.

Zahanati ikajengwa upande wa pili wa bonde. Kutoka kwa wakwe zangu unaliona bati lake likimeremeta jua likitoka, lakini kuifikia unashuka mpaka mtoni na kupanda tena, na masika mto ule haupitiki. Baba mkwe aliniambia bila kinyongo, "Labda wenzetu wana shida kuliko sisi." Nikasema, labda, mzee.

Halima alishikwa na uchungu wakati wa masika. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekwenda kusalimia. Mkunga akahangaika naye, asubuhi akatoka akisema mtoto amekaa vibaya na damu haisimami. Mto ulikuwa umejaa. Ikabidi tuelekee barabarani, tukapate lori la kabichi limpeleke hospitali Lushoto.

Tulimbeba kwenye machela. Mimi nilishika mbele. Njia ilikuwa tope tupu, tunateleza, tunapiga magoti, na kila tukiteleza analia. Baadaye akaacha kulia. Hilo lilinitisha zaidi.

"Shemeji, tumefika?"

"Tunakaribia."

Hatukuwa tunakaribia. Alifariki kabla hatujaiona barabara, na mtoto akiwa tumboni mwake. Wanaume tukasimama na machela mabegani, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuishusha.

Nililia, ndiyo. Watu wakasema, tazama alivyompenda shemeji yake. Nikapewa pole! Mimi, pole!

Baada ya arobaini nilikwenda kwa Madamu Tanga. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikasema yote. Hakuvua miwani. Akaniuliza, "Kwa nini unaniambia mimi?"

"Nataka takwimu zirekebishwe, Madamu."

"Mradi umeshafungwa. Wafadhili wamekwenda nchi nyingine. Takwimu zile zilinakiliwa kwenye disketi, zikagawiwa vyuoni, kwa sababu watu kama wewe walikuwa wanalia hakuna takwimu za kujifunzia. Nimfuate nani? Ninaweza kufuta za kwangu tu." Halafu akasema, na hili ndilo linaloniamsha usingizini, "Mimi mwenyewe nimewafundishia wanafunzi kitongoji chako. Niliwaambia ni mfano wa kuigwa."

Hakunifukuza. Alinitengenezea chai, ikapoa bila mtu kuigusa.

Kwa hiyo viko hai vile nilivyoviandika. Yupo kijana mahali fulani, mwenye kiu kama niliyokuwa nayo, anashukuru amepata takwimu za kufanyia mazoezi. Anazijumlisha. Kwenye hesabu zake mama mkwe wangu hajawahi kuzika mtoto.

Utafiti niliuacha. Nauza viazi. Cheti cha Morogoro nilikitia motoni, mke wangu akanigombeza sana, eti nitakuja kukihitaji.

Mke wangu hajui kwamba nilijaza ya uongo. Mara nyingi nimefungua mdomo. Ananiangalia, anasubiri, nami naishia kuuliza chumvi iko wapi.

Wewe kijana unayetafuta semina, unayeomba vitabu, unayezunguka maofisini kuomba takwimu, siwezi kukwambia uache. Ni kiu nzuri. Ila siku utakapotumwa ukafika kwenye nyumba ambayo huwezi kuingia, kwa mila, kwa aibu, kwa uoga, kwa uvivu, sijali ni kwa nini, rudi! Sema nimeshindwa. Watakucheka, wacheke mpaka wachoke. Na wewe unayezitumia takwimu za wenzako, ukikuta kijiji ambacho hakuna anayekufa, usitafute sababu. Nenda ukakiangalie. Mimi sina cha kukupa zaidi ya hayo, na sidhani kama yatamsaidia mtu, kwa sababu hata mimi niliambiwa na Madamu, tena kwa maneno mazuri kuliko haya.

Mwezi uliopita tulipanda tena kule kuwasalimia. Nilikaa nje kama kawaida. Mama mkwe alikuwa ndani, na mke wangu amesimama mlangoni kati yetu, kila anachokisema mama nakisikia mwenyewe kabla hakijapitishwa kwangu.

"Mwambie mumeo sisi hatumlaumu. Najua siku ile alitupita bila kutuuliza kwa sababu ya heshima, ni mkwe mwenye adabu. Lakini sasa awaandikie wale watu wa mradi wamlete mwingine, mwanamke, aje atuulize. Tutasema yote. Hatutaona haya."

Mke wangu akanigeukia. "Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Tangu hapo kila akikutana na mama yake, akirudi ananiuliza kama nimeshawaandikia. Namwambia nimeandika, tunasubiri majibu.