Siku Alpaka Walipoingia Sebuleni

Kila ninapofua sweta la sufu na harufu ile ya manyoya mabichi kunipanda puani, narudi Midrand, mwaka 2011. Nina miaka tisa, na wanyama wanane wanatetemeka juu ya sakafu ya Mama.

Baba alikuwa mtu wa Tanga aliyefuata kazi kusini mwa Afrika. Kwa miaka mingi alisugua farasi wa watu kwenye mazizi ya farasi wa mbio ya Turffontein, sisi tukikaa chumba kimoja Hillbrow, katikati ya jiji. Alipokodi ploti Midrand na kutangaza kwamba tutafuga alpaka, wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata mimi sikujua alpaka ni nini. Kumbe ni mnyama mwenye manyoya kama kondoo na shingo kama ya ngamia mdogo, akiudhika anakutemea mate. Mama alisema wanatutazama kama mawifi waliokuja kukagua jiko. Lakini ndiye aliyejifunza kusokota nyuzi zao, na Baba alimpa kila mmoja jina. Jike wa kwanza tuliyemnunua aliitwa Malkia. Baba alikuwa akipita karibu naye anapunguza sauti.

Siku ya kuwanyoa ilikuwa Oktoba. Mnyoaji, Msotho mmoja mpole, alikuja na mashine yake asubuhi. Mama alitoka jikoni, akatazama mawingu upande wa kusini.

"Baba Zuhura, leo tusiwanyoe," alisema. "Mvua hii haitapita mbali."

"Huyu bwana kesho ana kazi kwingine, na joto linawaua," Baba alijibu. "Wacha tumalize."

Mama hakubishana. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya uzio, nikasikia kila neno.

Kufikia adhuhuri wote wanane walikuwa wamebaki ngozi, wembamba, wenye aibu, na mnyoaji ameshaondoka. Saa tisa mchana kukawa giza. Upepo ulikuja wa baridi ghafla, kisha radi, kisha mvua ya mawe makubwa kama ndimu. Tulikimbia kuwaingiza bandani. Tukiwa tunamsukuma wa mwisho, upepo ulibandua bati moja la paa, halafu la pili, na mawe yakaanza kuwaangukia migongoni. Wanyama wale hawakupiga kelele. Walitoa mlio mwembamba wa puani, kama mtu anayeimba huku amefunga mdomo, na ule mlio ulinitisha kuliko radi.

Baba alisimama katikati ya banda, mikono imemlegea. Sikuwahi kumwona hivyo.

Mama ndiye aliyefungua mlango wa nyumba. Sebule yake hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga na viatu. Alikunja zulia, akauweka mswala wake juu ya kabati, akaita, "Waleteni huku!"

Tuliwavuta mmoja mmoja. Mama aliwasha hita ya mafuta ya taa, akatoa mablanketi yote, na yalipoisha akafungua sanduku lake akatoa kanga za harusi yake, mpya bado. Tukawasugua. Mikono yangu ilikufa ganzi. Saba walianza kupata joto. Malkia alikuwa amelala ubavu, shingo amenyoosha sakafuni.

Baba alimpakata kichwa chake. Alimsugua bila kusimama, akimsemesha Kidigo, lugha ambayo nyumbani hakuitumia isipokuwa kwa simu na bibi. Nje mvua ilikatika, jua likatoka. Malkia alivuta pumzi ndefu, na hakuvuta nyingine.

Nikashikwa na hasira, hasira ya mtoto inayotafuta wa kumwangukia.

"Mama alikuambia," nilimwambia Baba. "Alikuambia usiwanyoe leo."

Baba hakuinua uso.

"Mimi sikusema hivyo," Mama alisema.

"Ulisema. Nilikusikia."

"Umesikia vibaya, mwanangu. Nilisema tuwahi kabla ya mvua. Tulipanga wote. Nenda kalete ndoo na kitambaa."

Mama yangu, aliyewahi kunichapa kwa kudanganya kuhusu kijiko cha sukari, alinitazama machoni na kudanganya. Nililia jikoni, si kwa ajili ya Malkia. Nililia kwa sababu amenigeuka. Wiki nzima sikumwamkia vizuri, naye hakunikaripia.

Malkia alizikwa jioni ileile nyuma ya banda. Keshokutwa yake Baba alipanda juu ya paa la banda kupiga misumari, Mama akimshikia ngazi. Tuliendelea kufuga.

Sasa nimeolewa, na nimeshajua jinsi ilivyo tamu kuwa na haki mbele ya mtu aliyekosea. Ndipo nikafahamu alichokuwa akikitazama Mama pale sakafuni. Alikuwa ameshampoteza Malkia, hakutaka kumpoteza na Baba. Sijawahi kumuuliza. Ninajua angenijibu vilevile, kwamba nilisikia vibaya.