Makovu ya Mtunza Maabara

Mtunza maabara ya uuguzi huvaa mikono mirefu hata jua liwake vipi. Kila ukaguzi wa ithibati unapokaribia, hupokea sanamu za wagonjwa za kufanyia mazoezi, zilizoazimwa kutoka chuo jirani kwa kuwa chuo chake hakina hata moja, akazipangusa taratibu kama anayeosha maiti. "Karibuni tena, wageni wa siku mbili," huziambia, akizibandika nembo ya chuo.

Safari hii mkaguzi alimtaka binti wa mwaka wa mwisho aitoe sanamu damu. Binti akapapasa mkono wa plastiki, asijue pa kuchoma.

"Shahada yenu inategemea hili," mkaguzi akasema.

Mtunza maabara akapandisha mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko. Ngozi ilijaa makovu ya sindano ya miaka mingi.

"Njoo hapa ulipozoea, mwanangu."

Mkaguzi akayatazama makovu yale, akaitazama nembo iliyobandikwa kwenye sanamu, kisha akafunga jalada lake.