Kidole Gumba cha Mwanangu

Chai huchumwa kwa kidole gumba. Watu wa mjini hudhani ni kazi ya mkono mzima, lakini mimi nimechuma tangu darasa la tatu, hapa juu ya Mogogosiek, na nakwambia bila gumba huli. Kwa hivyo mwanangu alipozaliwa, kitu cha kwanza nilichoona hakikuwa kichwa chake, ambacho kilikuwa kikubwa, bali vidole gumba. Vyote viwili vililala ndani ya kiganja, na ukivinyoosha vinarudi.

Mama yangu alikuja siku ya pili. Hakushtuka, hakulia. Alitoa mfukoni vitambaa vya leso kuukuu na vijiti viwili vya mti wa chai, vimeshamenywa, akafunga gumba moja, akafunga la pili, haraka haraka, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Mimi nilifurahi tu kwamba nina mama. Sikujiuliza mbona vijiti vilikuja tayari. Mjinga mimi!

Vijiti havikusaidia. Mtoto hakukaa, hakutembea, hakusema. Sasa ana miaka ishirini na moja, namgeuza kitandani mwenyewe, na mgongo wangu umekwisha. Baba yake alienda zake, wacha aende. Mama mkwe alisema nilimharibu mtoto kwa kuchuma chai nikiwa na mimba, eti kamba za kikapu zilimbana. Kanisani walisema kwa sauti ya chini zaidi, lakini walisema hivyo hivyo. Nikaamini. Mimba ya pili sikukanyaga shamba miezi tisa. Majani yakakomaa, yakawa magumu, majirani wakanicheka wee mpaka wakachoka. Nikazaa msichana, mzima, mwenye kelele. Si huo ulikuwa ushahidi?

Ndiyo maana binti huyo, ambaye sasa ameolewa Merigi, aliponiambia ana mimba, nilimpigia mume wake simu papo hapo. "Huyo asiguse chai. Hata jani moja." Wakatii. Nikajiona mwanamke mwenye akili.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, kijana wangu alishikwa na degedege ikakataa kuisha, tukamkimbiza Kericho. Daktari aliyetuona alikuwa msichana mdogo tu. Aliangalia picha ya ubongo, akamkunjua viganja, akanisikiliza nikimweleza habari za kikapu, kisha akavuta kiti.

"Mama, hii si kazi ya kikapu."

Alisema seli za ubongo wa mtoto aliye tumboni huzaliwa ndani kabisa, halafu hupanda kwenda juu kujenga gamba la nje, lile tunalofikiria nalo. Njiani hushikana, huachana, hushikana tena. Kinachozishikanisha ni molekuli zilizo juu ya ngozi ya kila seli. Nikamuuliza, kama gundi? Akasema gundi hushika chochote. Hizi ni kama mikono, zinajua za kushika na za kuacha. Kwa mwanangu aina moja ya mikono hiyo haishiki. Nyuzi za ubongo zikapotea njia, maji yakajaa kichwani.

"Na gumba?"

"Gumba ni ishara tu."

Halafu akasema lile lililoniua. Kasoro hiyo hupitia kwa mama. Wavulana ndio huumia. Wasichana huibeba, wengi bila kujua. Damu itapimwa kuhakikisha, alisema, lakini uso wake ulishahakikisha. Akaniuliza kama nilikuwa na kaka. Nikasema sina. Na binti? Ninaye. "Huyo anaweza kuwa nayo au asiwe nayo, mama. Nusu kwa nusu."

Nilirudi nikaenda moja kwa moja kwa mama yangu. Alikuwa mlangoni anapukuchua maharagwe.

"Mama, mimi nilikuwa na kaka?"

Hakuinua kichwa. "Wawili."

"Wako wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu kule uani, laini ya kwanza ya chai inapoanzia.

"Gumba?"

"Gumba."

Weh! Nilipiga kelele. Mimi niliyelelewa kwa heshima nilimwambia mzazi wangu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Aliniacha nimalize.

"Ningesema," akaniambia, "nani angekuoa?"

Nilitaka kumwambia binti yangu. Kila siku nashika simu, naiweka. Mwezi wa saba utamwambia mtu nini, na afanye nini? Skani ilishasema ni mvulana. Yeye alipiga akicheka, ananisomea majina aliyochagua, nami namwambia avae sweta, kuna baridi. Niliomba mpaka magoti yakauma. Nilimwambia Mungu nusu yake mbaya ameshanipa, basi hii ya pili iwe ile nzuri.

Mtoto alizaliwa Jumatano. Nilifika Merigi kesho yake na maziwa kwenye chupa na mkoba begani. Binti yangu alinipa mtoto, na niliona yeye mwenyewe hatabasamu sawasawa.

"Mama, watoto wote si hukunja ngumi?"

Nilinyoosha kile kidole. Kikarudi. Nikanyoosha cha pili. Nilifungua mkoba nikaanza kufunga, na mikono yangu ilijua kazi kuliko mimi.

Yeye aliangalia mpaka nikamaliza. Kisha akagusa kijiti kwa ncha ya kidole.

"Hivi umekuja navyo kutoka nyumbani," akasema. "Ulivimenya."

Lile nililoshindwa kuliona nikiwa na umri wake, yeye aliliona mara moja. Nikamwambia yote, na gamba la ubongo, na wajomba zake, la, kaka zangu, sijui niwaite nani watu ambao sikuwaona. Aliuliza kitu kimoja tu, nimejua tangu lini. Nikasema tangu mwezi wa saba.

Alimchukua mtoto wake. Akafungua vitambaa, kimoja kimoja, bila hasira, akaniwekea mkononi pamoja na vijiti.

Nikimpigia simu anapokea. Anasema mtoto amelala, mama, halafu anakata.