Mzunguko Uliopitia Kiritiri

Ramani ilikuwa ya shule, ile kubwa ya kutundikwa ukutani. Niliitandaza mezani kwangu Nkubu, nikazishikilia pembe zake kwa vikombe viwili, kopo la chumvi na ndizi. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nikipanga safari ya baiskeli, napanga kama mtu anayetarajia kusahihishwa, na jambo hilo lilimchosha sana rafiki yangu mwenye bucha, ambaye alikuwa amekuja tu kuuliza tunaondoka lini.

Tulitaka mzunguko wa siku mbili. Tungefuata barabara ya juu, kupitia Chuka na Runyenjes hadi Embu, kisha tuteremke ukanda wa chini wenye joto, tulale huko, na kesho yake turudi kupitia Ishiara na Mitunguu. Kwenye ramani barabara ya juu inaonekana mpole kabisa. Lakini kila mto unaotoka Mlima Kenya umejichimbia bonde lake, na barabara inayakata yote: unateremka hadi darajani breki zikinuka, halafu unapanda mpaka roho ikutoke. Tungeianza alfajiri, mlima ukiwa upande wetu wa kulia, kabla mawingu hayajaufunga. Tungemalizia na mpando wa kutoka Mitunguu, mahali ambapo magoti hukumbuka umri wake.

Rafiki yangu aliweka kidole juu ya ramani.

"Mwalimu, hapa mbona umekata? Kiritiri iko na lami safi na mlima inaonekana yote. Wewe unatupitisha Siakago moja kwa moja. Tutalala wapi?"

"Hiyo ndiyo njia fupi."

"Tangu lini wewe unataka njia fupi?"

Kiritiri ndiko alikozaliwa mke wangu. Alipokuwa hai alipenda kunicheka kwamba sisi watu wa Nkubu tumeusogelea mlima mno hata hatuujui, tunaona msitu na ukungu tu. Kwao, alisema, unauona mzima, kutoka mabegani hadi kwenye barafu, ilimradi uamke mapema. Aliahidi kunionyesha. Lakini kila tulipokwenda tulifika mchana na kuondoka mchana uo huo, kwa sababu nilishika ile adabu ya kwamba mkwe hakai sana ukweni, na mchana mlima haupo.

Kisha akafariki. Watoto waliendelea kwenda kwa nyanya yao kila likizo, nami niliwasindikiza hadi stendi tu. Sikuwa nimekosana na mtu yeyote. Niliogopa. Aliyenipa njia ya kuingia katika boma lile alikuwa yeye, na sasa sikujua mimi ni nani pale. Niliogopa kupokewa vizuri mno, kwa kikombe cha wageni na kiti cha wageni, halafu nijue kwamba imekwisha.

Rafiki yangu hakunihubiria. Alichukua kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, akaupinda mstari hadi Kiritiri.

"Mimi nataka kuona mlima," alisema. "Hayo mengine utajua mwenyewe."

Namshukuru hadi leo.

Watoto wakampigia nyanya yao simu kumwambia tunakuja, na hapo mpango ukawa mgumu kuliko mabonde yote. Kwetu mwanamume hasimami mbele ya mama mkwe ovyo ovyo. Huvaa suruali ndefu, hushika kitu mkononi, na hutazama pembeni. Sisi tungefika na zile kaptura za baiskeli zinazobana kila kitu ambacho Mungu alikificha. Nikaamua kubeba suruali na shati mkobani. Tungesimama kabla ya soko, nibadilishe nguo nyuma ya kichaka, ninunue sukari na majani ya chai, kisha niingie bomani kama mtu. Niliwekea kichaka alama kwenye ramani. Rafiki yangu alicheka hadi akakohoa.

Siku ya kwanza ilikwenda kama nilivyoipanga, na hilo lenyewe lilinitia wasiwasi. Mlima ulijitokeza asubuhi juu ya mashamba ya chai, ukajifunika tulipofika Chuka. Bonde la Nithi lilinyamazisha hata mdomo wa rafiki yangu. Baada ya Embu tukateremka, upepo ukawa moto, migomba ikaisha, mbuzi wakaanza.

Jambo moja tu sikuwa nimelipanga. Ilikuwa siku ya soko, na soko lilikuwa limefurika hadi kwenye kichaka changu.

Mama mkwe alikuwa amekaa mwanzo kabisa, kando ya lami, na gunia la ndengu mbele yake. Aliniona kabla sijamwona. Nilishika breki, nikajificha nyuma ya baiskeli, kitu ambacho hakifichi chochote. Aligeuza uso upande, akavuta leso kutoka begani mwake, akamnyooshea rafiki yangu bila kututazama.

"Mfunge huyo," alisema. "Watu watasema mkwe yangu amekuja uchi."

Soko lilicheka, nami nikafungwa leso ya maua kiunoni kama mtoto anayeogeshwa. Nilisukuma baiskeli hadi bomani mikono mitupu, nimesahau sukari, nimesahau kila kitu isipokuwa hayo maneno mawili: mkwe yangu. Nilikuwa na furaha.

Kabla jua halijachomoza nilimsikia Mama akikohoa nje ya mlango wetu.

"Mlima imetoka," alisema.

Nilitoka. Ulikuwa mzima, kutoka mabegani hadi kwenye barafu, mwekundu kidogo juu, na ukimya mwingi chini yake. Mama alisimama mbali, karibu na zizi la mbuzi, akitazama alikotazama kila asubuhi ya maisha yake.

"Yule mtoto wangu alikuwa anasimama hapo hapo," alisema. "Anasugua meno, maji anamwaga kwa miguu yangu."

Nililia, naye aliniacha nilie.

Tulipokuwa tayari kuondoka, nimevaa suruali yangu ndefu kwa ajili yake, niliikunja leso vizuri nikaiweka juu ya kiti. Aliitazama, kisha akanionyesha msumari ukutani, nyuma ya mlango.

"Tundika pale," alisema. "Sasa ukirudi na hiyo baiskeli, utavaa nini?"