Siri ya baba niliiweka kwenye filamu, na mjane alikuwa amekaa pembeni yake

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni binti wa miaka 23, mzaliwa wa Ujiji, niko mwaka wa mwisho chuoni hapahapa Kigoma. Naomba jina langu lifichwe, maana mji wetu ni mdogo na wengi waliokuwa ukumbini siku ya filamu wanausoma ukurasa huu. Sijaja kujitetea. Nimekosa, ila nimekwama.

Baba yangu ni askari mstaafu. Nikiwa shule ya msingi alipelekwa Kongo kulinda amani. Aliondoka mtu wa utani, akarudi mtu wa kunyamaza. Hakuwahi kulewa wala kutupiga. Siku moja tulikuwa Katonga, kwenye mwalo wa wavuvi, kununua dagaa, injini ya mtumbwi ikalia mlio mkubwa, baba akajitupa kifudifudi juu ya dagaa za watu zilizoanikwa. Watu walicheka. Mwenye dagaa akamwambia, "Mzee, vita viliisha zamani." Baba alijipangusa, akaomba radhi, tukarudi nyumbani mikono mitupu. Hakukanyaga tena mwaloni.

Mwaka huu chuo kiliandaa siku ya kuonyesha filamu za wanafunzi kuhusu afya ya akili ya askari wastaafu, na wataalamu wangekuwepo kuzungumza na familia. Nilimwomba baba nimrekodi. Nilijua atakataa, akakubali. Tulikaa uani mchana wa siku mbili. Siku ya pili akanieleza habari za Baba Shabani, rafiki yake wa mtaa wa Kasingirima waliyekwenda naye Kongo. Walishambuliwa njiani, Baba Shabani akapigwa risasi za miguu.

"Aliniita kwa jina," baba alisema. "Mimi nilikimbia, nikajilaza kwenye majani. Nilimsikia mpaka akanyamaza. Niliporudi nyumbani nilimwambia mkewe kwamba mumewe alikufa palepale, hakuteseka."

Kisha akanitazama. "Hilo usiliweke, mwanangu. Nimekupa wewe, sijawapa watu."

Nikasema, "Sawa, baba."

Mwalimu wangu alipoona rekodi akaniambia filamu yangu iko kwenye kisa hicho, nikikitoa nabaki na mzee anayelalamikia usingizi. Nikajidanganya kwamba baba haendi kwenye mikusanyiko, na kwamba nikikata jina la marehemu hakuna atakayejua. Ukweli ni kwamba nilitaka kusifiwa. Nikaiweka.

Siku yenyewe nikiwa mlangoni nilimwona baba anakuja, kavaa suti aliyoipiga pasi mwenyewe, kaongozana na Mama Shabani, mjane wa yule rafiki yake. Alikuwa amemfuata Kasingirima. Akaniambia huku anatabasamu, "Nimemleta mama yako mdogo aone kazi yako." Nilimpa shikamoo yule mama, akanishika mashavu. Ndugu zangu, nilikuwa na muda. Filamu yangu ilikuwa ya pili. Ningeweza kwenda kwa mtu wa mitambo nikasema imeharibika. Nilisimama palepale mlangoni, nikaona haya kwa wageni waalikwa, nikanyamaza.

Sauti ya baba ilipofika kwenye "aliniita kwa jina", Mama Shabani aligeuka akamtazama. Hakupaza sauti, ila ukumbi ulikuwa kimya na mimi nilisikia.

"Uliniambia hakuteseka."

"Shemeji..." baba akasema, basi.

"Kila Idi unaniletea sukari, unakaa kwangu, unakula, unaniambia hakuteseka."

Baba aliinuka akatoka, akanipita kama hanijui. Filamu ilipoisha watu walipiga makofi. Wazee wawili wastaafu walinifuata wakilia, wakaomba waandikishwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Mke wa mmoja amenipigia mara mbili kunishukuru, anasema mumewe ameanza kuzungumza. Hata makofi ya ukumbini sikuyastahili, achilia mbali shukrani.

Baba alipanda boti kwenda Kagunga kwa mdogo wake, simu akaiacha mezani. Baba mdogo anasema hali chakula vizuri, anashinda kajifungia. Nimemwomba asimwache peke yake hata kidogo. Mtaalamu wa chuo alijitolea kumfuata, baba akakataa kuonana naye. Ujumbe alionitumia kupitia baba mdogo ni mmoja tu: "Mwambie afute yote." Mama naye ananipakulia chakula bila kunisemesha.

Sasa juzi Mama Shabani kaja nyumbani. Hakukaa.

"Kwenye filamu ni dakika tatu," alisema. "Shemeji alikueleza kiasi gani?"

Nilishindwa kudanganya. Nikamwambia karibu saa nzima.

"Basi nipe niisikie. Alikuwa mume wangu. Baba yako anajua alivyokufa, wewe unajua, mwalimu wako anajua. Mimi ndiye nisiyejua. Nitarudi Ijumaa."

Ambacho hajui ni kwamba kwenye rekodi hiyo baba anaeleza maneno ya marehemu, moja baada ya jingine. Mengine ni ya maumivu, hayafai kumfikia mke wa mtu. Lakini mwishoni marehemu aliacha kumwita baba, akawa anamwita yeye, Mama Shabani, na kuna maneno alimwachia. Baba amekaa nayo miaka yote hii.

Nikimpa, nimemsaliti baba mara ya pili, na kwa hali aliyonayo naogopa simu nitakayopigiwa kutoka Kagunga. Nikifuta, nimemnyima mjane neno la mwisho la mumewe, na halitapatikana tena popote. Kwenda Kagunga kumwomba baba ruhusa nimejaribu, alikataa kutoka chumbani.

Nitukaneni kwanza kama mnataka, nitasoma yote. Halafu mniambie, hasa nyie wake na watoto wa askari: huyu mama akigonga mlango Ijumaa, nimjibu nini?